Tununuapo Nishati ya Kupikia, Tunanunua Joto

Mada iliyotolewa katika semina ya watumiaji wa nishati ya kupikia



Kila tunapokutana na wananchi, swali la kwanza huwa hili: kipi nafuu, mkaa au gesi? Hatutalijibu leo kwa neno moja, kwa kuwa bei hupanda na kushuka, na majiko hayafanani. Tutawaachia kitu kinachodumu kuliko bei, nacho ni namna ya kupima wenyewe.

Hakuna anayenunua mkaa kwa ajili ya mkaa. Tunachokitafuta ni joto linaloingia katika sufuria, na joto hupimika kama unga au kitambaa.

Joto hutoka wapi

Mwako ni mmenyuko wa kemikali. Chembe za mkaa au gesi huachana, kisha huungana na oksijeni ya hewani. Kuachanisha chembe huhitaji nishati, ndiyo maana mkaa hauwaki bila kuwashwa. Kuungana upya hutoa nishati, na katika mwako ile inayotolewa huizidi ile iliyotumika. Ziada hiyo ndiyo joto letu. Iko pia mimenyuko inayokwenda kinyume: mawe ya chokaa hayageuki kuwa chokaa katika tanuri mpaka yalishwe joto muda wote.

Katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walipima joto la mimenyuko kwa chombo kilichozungukwa na barafu. Walichoma mkaa ndani yake, wakapima maji yaliyotiririka kutoka katika barafu iliyoyeyuka. Maabara za leo hutumia maji badala ya barafu. Sampuli hufungiwa ndani ya chombo kizito cha chuma kilichojazwa oksijeni, chombo huzamishwa katika maji yaliyopimwa, sampuli huwashwa kwa umeme, kisha ongezeko la joto la maji husomwa. Kila kilo ya maji ikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, imepokea takriban kilojuli 4.2.

Kwa vipimo vya namna hii tunajua kwamba kilo 1 ya kuni zilizokauka vizuri hutoa takriban megajuli 15, mkaa mkavu 29, mafuta ya taa 43, na gesi ya kupikia 46. Megajuli 1 ni kilojuli 1,000. Uniti 1 ya umeme ni megajuli 3.6.

Kipimo cha nyumbani

Takwimu hizo zinaeleza joto linalotoka katika nishati, si joto linalofika katika chakula. Sehemu kubwa hupotelea hewani na katika mwili wa jiko. Ili kujua hali ya jiko lako, fanya jaribio hili mahali penye hewa ya kutosha.

Pima mkaa kwa mizani. Weka lita 2 za maji katika sufuria yenye mfuniko, yachemshe, kisha zima jiko kwa kulifunika na kuziba tundu la hewa, bila kumwagia maji. Mkaa uliobaki ukipoa, upime tena. Tofauti ndiyo uliyotumia.

Tuchukue mfano. Maji yalikuwa nyuzi 25 yakafika 100. Yamepokea 2 × 4.2 × 75, yaani kilojuli 630. Ikiwa mkaa uliotumika ni gramu 100, mkaa huo ulitoa kilojuli 2,900. Kilichoingia katika maji hakikufika hata robo. Sasa tuseme gesi iliyochemsha maji hayo hayo ni gramu 25. Hiyo ilitoa kilojuli 1,150, na zaidi ya nusu yake imeingia katika maji. Mizani ya kawaida haionyeshi vizuri gramu 25, basi kwa gesi chemsha mara 10 katika siku mbalimbali, pima mtungi mwanzo na mwisho, kisha gawanya kwa 10. Kwa wenzetu wa nyanda za juu, maji huchemka kabla ya nyuzi 100, lakini ulinganisho hauharibiki.

Mwisho, zidisha uzito uliotumika kwa bei ya kilo. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba kilo ya mkaa ni shilingi 1,000 na ya gesi ni shilingi 4,000, gramu 100 za mkaa ni shilingi 100, na gramu 25 za gesi ni shilingi 100. Bei iliyoonekana kuzidi mara nne imekuwa sawa mbele ya sufuria. Weka bei za mtaani kwako na vipimo vya jiko lako, nawe utapata jibu lako.

Joto lililopotea na hewa inayoua

Mkaa ukipata hewa ya kutosha, kaboni yake hugeuka kuwa kabonidioksidi. Ukikosa hewa, sehemu yake huwa monoksidi ya kaboni, na kaboni iliyoishia hapo hutoa chini ya theluthi moja ya joto lake. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na imewaua watu usingizini katika vyumba vilivyoingizwa jiko la mkaa nyakati za baridi. Kwa hiyo jiko lisilopumua lina hasara mbili, ya mfuko na ya uhai. Msilale kamwe na jiko la mkaa chumbani. Kwa gesi, moto wa njano na sufuria inayojaa masizi ni dalili kwamba kichomeo kinahitaji kusafishwa au kurekebishwa.

Maji yakishachemka, punguzeni moto na mfunike. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke hula kilojuli 2,260, zaidi ya mara saba ya joto lililoyafikisha kwenye kuchemka. Maharage hayaivi haraka zaidi kwa maji kutokota kwa nguvu.

Dukani

Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza uzito wa gesi unayonunua, kisha omba mtungi upimwe mbele yako kabla hujalipa. Mtungi mtupu wa kilo 7.2 ukitiwa kilo 6 za gesi sharti usome 13.2. Ukipungua nusu kilo, kwa mfano wetu wa juu, umepoteza gesi ya kuchemsha lita 2 mara 20.

Mkaa nao ununuliwe mkavu. Katika kilo 1 yenye gramu 100 za maji, umelipia gramu 100 zisizowaka, na joto la mkaa uliobaki litatumika pia kuyakausha maji hayo. Kopo na gunia hupima ujazo, wala havielezi uzito. Pale penye mizani, itumieni.

Ndugu zetu, muuzaji mwaminifu haoni haya mbele ya mizani. Anayekataa kupima, tunzeni stakabadhi yake, andikeni tarehe na mahali, kisha tuleteeni malalamiko yenu. Malalamiko yenye kipimo ndiyo tunayoweza kuyasimamia mpaka mwisho.