Mtindi na Tumbo Linalosumbua



Hapa Kilimanjaro maziwa ya mgando ni chakula chetu tangu enzi za mababu. Bakteria wanaoyagandisha hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Mwaka 2004 akina mama wa Tukwamuane, Mwanza, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalum kwa afya ya jamii.

Je, mtindi hutibu tumbo linalouma na kujaa gesi kila mara, huku choo kikibadilika? Aina chache za bakteria zimewapunguzia maumivu baadhi ya wagonjwa. Hakuna iliyothibitishwa kuponya.

Basi kunyweni mtindi. Lakini ukiona damu chooni, au ukikonda bila sababu, usitegemee kibuyu: nenda hospitali.