Maneno Machache juu ya Kuhama Simu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kizwite, Sumbawanga)



Kamati imeniomba niseme juu ya simu. Sababu yake mnaijua. Mwaka jana binti yangu aliniletea iPhone, nami nilikuwa nimetumia Tecno kwa miaka mingi, na habari za kuhama kwangu zilizungumzwa katika kundi letu la WhatsApp kuliko hata bei ya mahindi. Kila wiki wawili watatu wananipigia kuuliza walifanyeje. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja.

Nianze kwa kusema kwamba jambo hili si geni kwetu. Waliomaliza shule zamani wanakumbuka kwamba kumpata mtu aliyeko Dar es Salaam kulitaka safari ya posta, kuandikisha namba, na kukaa kwenye benchi mpaka uitwe. Kisha zikaja simu za mkononi. Mwenye Nokia alijua vitufe vya Nokia, na akipewa Siemens au Motorola alikuwa kama mtu aliyevalishwa viatu vya mwenzake. Chaja zilikuwa hazikubaliani. Wengine hapa walipenda Nokia 1100, ile ya mwaka 2003 yenye tochi, wakaapa kwamba hawataiacha. Leo Nokia ile iko wapi? Biashara ya simu ya Nokia iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014. BlackBerry, iliyokuwa simu ya wakubwa, ilizimiwa huduma zake za zamani tarehe 4 Januari 2022. Kampuni hizi huja na kuondoka, na kila moja inapoondoka watu wanabaki na vitu vyao ndani ya nyumba isiyo na mwenyewe.

Siku hizi nyumba zimebaki mbili kubwa. Moja ni ya Apple, iliyoanza kuuza iPhone mwaka 2007. Ya pili ni ya Android, ya Google, ambayo simu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Samsung amepanga humo. Tecno, itel na Infinix wamepanga humo pia, na hao watatu ni watoto wa baba mmoja, kampuni ya Transsion ya China. Kwa hiyo mtu akitoka Tecno kwenda Infinix, au hata kwenda Samsung, amehama chumba tu. Atapotea kidogo ukumbini, lakini jikoni ni lile lile. Anayetoka Android kwenda iPhone, au kurudi, huyo amehama nyumba, na ndiye ninayezungumza naye leo.

Watu wengi wakipata simu mpya huuliza, kitufe cha kurudi nyuma kiko wapi? Ni kweli, hilo linasumbua. Kwenye Tecno yangu kilikuwa chini. Kwenye iPhone hakuna. Unapangusa kidole kutoka ukingo wa kushoto, au unatafuta kishale juu pembeni. Kwa majuma mawili kidole changu kiliendelea kwenda chini penye kitufe kisichokuwapo. Tena kulikuwa na lile sahihisho la maneno. Niliandika Kiswahili safi, simu ikaona ni Kiingereza kibovu, ikasahihisha. Nikalizima. Lakini hayo ni mambo ya kidole, na kidole hujifunza chenyewe hata kwa mzee. Nasema wazi kwamba tunapoteza maneno mengi juu ya kidole na kusahau swali lililo kubwa.

Swali lenyewe ni hili: kitu chako kinakaa wapi? Maana vitu vyetu vimo mahali patatu. Viko vinavyokaa kwenye laini, viko vinavyokaa kwenye akaunti, na viko vinavyokaa ndani ya chombo chenyewe.

Pesa, ndugu zangu, haimo ndani ya simu. Mtu mmoja wa hapa hapa aliogopa kuhama akidhani salio lake la M-Pesa litabaki kwenye simu ya zamani. Salio liko kwa kampuni ya mtandao, limefungwa kwenye namba yako. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008 imekuwa hivyo, na wale wengine wote waliofuata ni hivyo hivyo. Chomeka laini ile kwenye kitochi cha bei ndogo kabisa, bonyeza *150*00#, menyu itakuja ile ile na namba ya siri ni ile ile. Kwa upande huo lala usingizi.

Lakini laini yenyewe ina mambo yake. Simu zetu nyingi za Tecno na itel huchukua laini mbili za kadi, na sisi tumezoea: moja ya familia, moja ya biashara. iPhone zinazouzwa sehemu nyingi za dunia huchukua kadi moja tu, na laini ya pili ni ile isiyo na kadi, inayoandikwa ndani ya simu na kampuni ya mtandao. Sasa sikilizeni vizuri wenye watoto Marekani. iPhone zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la kadi kabisa. Kijana wako atakutumia zawadi nzuri kwa moyo mweupe, ifike Sumbawanga, nawe uizungushe na laini yako mkononi ukitafuta mahali pa kuichomeka. Mwambieni kabla hajanunua. Mimi laini yangu ya pili nimeiweka kwenye kitochi, na kinakaa na chaji siku nne.

Majina ya watu nayo huleta matatizo. Wapo walioyahifadhi kwenye laini tangu enzi za Nokia. Hayo iPhone itayasoma ukiiagiza, lakini haiwezi kuandika jina jipya kwenye laini. Yaliyo kwenye akaunti ya Google yatakuja ukiingiza anwani yako ya barua pepe na neno la siri. Shida ni kwamba wengi wetu akaunti ile tulifunguliwa na kijana wa dukani siku tuliponunua simu, akaweka neno la siri analolijua yeye, na yeye sasa hatujui yuko Mpanda au Tunduma. Kabla ya kuhama, hakikisha unaijua anwani yako mwenyewe.

Sasa nafika kwenye lile lililonikosesha usingizi. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa akiishi upande wa Matai, alifariki miaka mitatu iliyopita. Katika miaka yake ya mwisho macho hayakumruhusu kuandika, basi alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, kwa Kifipa. Nilikuwa nao zaidi ya themanini. Mwingine ni wa kunikaripia tu. Lakini humo ndimo alimotaja mipaka ya mashamba ya ukoo, mti kwa mti na kijito kwa kijito, na majina ya waliopakana nasi. Humo pia alieleza yale aliyoyasikia kwa babu yake juu ya malungu, yale matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma bila kuvukuta, upepo ukiingia wenyewe kwa matundu ya chini, kabla ya kukisafisha katika tanuru dogo la mivukuto. Ninyi vijana mnayasoma hayo kwenye vitabu vya historia. Mimi nilikuwa nayo kwa sauti ya mtu, pamoja na kikohozi chake.

Sauti zile zilikuwa wapi? Hazikuwa kwenye laini. Nakala ya akiba ya WhatsApp ya Android huwekwa kwa Google. Ile ya iPhone huwekwa kwenye iCloud ya Apple. Na nyumba hizi mbili hazisomeani nakala. Kwa miaka mingi aliyehama aliacha mazungumzo yake nyuma, basi. Njia ya halali ilifunguliwa mwaka 2022, kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS, unayoiweka kwenye simu ya zamani. Lakini njia hiyo ina masharti, na sharti kubwa ni kwamba iPhone iwe mpya haijaanza kutumika, au ifutwe yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukishaiwasha, ukaiandikisha, ukapiga picha za wajukuu, ndipo ukakumbuka WhatsApp, umechelewa. Utafuta uanze upya.

Namshukuru kijana mmoja fundi simu upande wa Mazwi. Nilimwamkia nikiwa na boksi mkononi, naye neno lake la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa, "Mzee, umeshaiwasha?" Nikasema bado. Akasema, "Basi usiiwashe mpaka tuongee." Tulikaa naye. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji, namba ya WhatsApp iwe ile ile, na wakati vitu vinahama usiiguse simu ya zamani, maana ukiondoka kwenye ile programu kazi inasimama. Ilichukua karibu saa tatu. Ninyi mnajua umeme wetu na mvua za Machi. Nilikaa pale nikiyatazama mawingu juu ya Mbizi kuliko nilivyoitazama simu. Orodha ya simu zilizopigwa kwa WhatsApp haikuja, na nilikuwa nimeambiwa haitakuja. Sauti za mzee zilikuja. Nilisikiliza moja pale pale dukani, na fundi, ambaye ni Mfipa wa Laela, akacheka mahali panapochekesha.

Hata hivyo sikuridhika. Kitu cha thamani namna ile kisikae kwenye nyumba ya kupanga. Nilizitoa zile sauti moja moja, nikaziweka kwenye kompyuta ya shule anayofundisha mwanangu na kwenye flashi mbili, moja iko Matai kwa shangazi. Na ile habari ya mipaka tumeiandika kwenye kauntabuku, wazee watatu wakatia saini.

Hapo, Ndugu Mwenyekiti, nauliza swali la Umoja wetu, wala simlaumu mtu. Michango yetu ya rambirambi imeandikwa wapi? Imeandikwa kwenye kundi. Nani ametoa, nani bado, fedha za msiba gani zilipelekwa kwa nani, vyote viko kwenye simu ya mweka hazina. Siku akihama nyumba na mazungumzo yasihame naye, tutakaa hapa kubishana. Sisi wengine tuna mazungumzo yale yale, ni kweli, lakini kila mtu anayo tangu siku aliyoingia kundini tu. Aliyejiunga juzi hana cha mwaka jana. Napendekeza daftari.

Kwa wale wanaokwenda upande wa pili, kutoka iPhone kwenda Samsung, neno moja: zimeni kwanza iMessage kwenye ile iPhone kabla ya kutoa laini. Msipofanya hivyo, ujumbe wa wenye iPhone utaendelea kupelekwa nyumba mliyoihama, nanyi mtadhani wamewasusa.

Na simu ya zamani msiiuze haraka. Mimi yangu ilikaa kabatini miezi sita, na mara mbili niliirudia kutafuta kitu. Ukiamua kuiuza, ondoa akaunti yako kwanza, ndipo uifute. Simu hizi zina kufuli, za Apple tangu 2013 na za Android tangu 2015, na simu iliyofutwa ikiwa akaunti bado imo humfungia anayeinunua. Anayenunua simu ya mtumba naye aiwashe mbele ya muuzaji mpaka mwisho, abonyeze *#06# aone namba zake, azilinganishe na za boksi. Mnakumbuka Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilivyozima simu bandia, watu wakaamka na vioo vya kujitazamia.

Nimepata na hasara. iPhone haina redio ya FM, wala mahali pa memori kadi. Nyimbo zangu zote za kwaya zilikuwa kwenye kadi. Redio nimerudia ile ya mkulima, ya betri, nayo iko dirishani inaimba kama zamani. Binti yangu akiuliza kama nimeipenda simu, namwambia kamera ni nzuri.

Ninyi vijana hamruhusiwi simu hapa shuleni, na mimi siombi mruhusiwe. Lakini likizo mkifika nyumbani ni ninyi mnaopewa simu ya baba na kuambiwa "nihamishie." Muulizeni kwanza kama ina sauti au picha ya mtu asiyekuwapo tena. Ulizeni kabla ya kuiwasha ile mpya. Na akifika mahali pa namba ya siri ya pesa, geuka pembeni umwache aandike mwenyewe, hata akichukua dakika kumi.

Naona wapishi wameanza kupakua. Baada ya chakula nitakaa chini ya mti ule karibu na bwalo. Mwenye simu ya kuhamisha na aje, aje na chaja zote mbili, na kama boksi halijafunguliwa aje nalo hivyo hivyo.