Nani Humwimbia Mtoto? Tiba ya Muziki Kisii na Nyamira



Anayehitimu leo katika tiba ya muziki hutoka darasani na picha moja ya kazi yake. Kuna chumba kitulivu, piano, mtoto na mtaalamu. Mtoto akigonga, mtaalamu humjibu kwa sauti inayomfuata alipo. Picha hiyo tumeirithi kwa Paul Nordoff, mtunzi Mmarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, walioanza kushirikiana mwishoni mwa miaka ya 1950. Siwabezi. Lakini nitalisema mapema: anayeanza kazi hii kwetu kwa kutafuta piano na chumba ameanzia pasipofaa. Aanze kwa kuuliza, katika kila boma analoingia, ni nani humwimbia mtoto huyu.

Jibu si lazima liwe mama, wala baba. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti hapa Gusii miaka ya 1950 na kurudi miaka ya 1970, walichapisha mwaka 1994 kitabu kinacholinganisha akina mama wa hapa na wa Boston. Mama wa Boston alimtazama mtoto usoni na kuzungumza naye. Mama wa Kigusii alimwahi mtoto alipolia, akambeba, akamnyonyesha, akamtuliza. Mazungumzo ya ana kwa ana na kitoto kichanga hakuyaona kuwa kazi yake. Mtaalamu mgeni akimwona mama anayeangalia pembeni huku kambeba mwanawe, ataandika kwenye faili kwamba uhusiano wao una kasoro. Kasoro iko kwenye faili.

Kisha kuna chinsoni, ile adabu ya haya baina ya mzazi na mwana. Ukimwambia baba aimbe, apige makofi na kuchezacheza na bintiye mbele ya wageni, huenda unamtaka aivue heshima aliyolelewa nayo. Akikataa, usimhesabu kuwa hampendi mtoto. Mpe kazi nyingine: atengeneze ngoma, amlete mtoto kwa pikipiki, akae mlangoni asikilize. Wapo akina baba vijana wasiojali haya hizo, nao wakaribishwe.

Chinsoni haimbani nyanya, yaani magokoro, na mjukuu. Magokoro anaruhusiwa utani na mzaha, hata nyimbo ambazo mama mwenyewe angeona aibu kuziimba. Mwingine anayemwimbia mtoto ni omoreri, dada mdogo aliyepewa mtoto ambebe mgongoni wazazi wakiwa shambani. Hawa wawili ndio walimu wa kwanza wa muziki katika boma la Kigusii, na hakuna aliyewahi kuwapa cheti. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, omoreri wengi walikwenda shule, jambo jema kabisa. Yule mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji ambaye shule haikumpokea alibaki nyumbani. Mara nyingi alibaki na magokoro.

Tuseme basi mtoto ana miaka 5, hasemi, na magokoro wake humwimbia kila jioni akichambua wimbi. Usimletee wimbo mpya. Sikiliza huo alio nao. Ukiujua, mwombe nyanya ausimamishe kabla ya neno la mwisho la ubeti, anyamaze, angoje. Angoje kuliko anavyodhani inafaa. Mtoto anaweza kulijaza pengo kwa pumzi, kwa mkono, kwa kugeuza macho, na baada ya majuma pengine kwa sauti. Nyanya akishauelewa mchezo huo ataucheza kila siku, ilhali wewe utapita mara moja kwa juma, tena baada ya majani chai kupimwa kituoni, maana asubuhi mama hayuko.

Ala zetu zipo. Obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi 8, lina sauti nzito ambayo mtoto aliyeegemea mti wake huisikia mwilini. Lakini uliza kabla ya kuliingiza nyumbani. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista Nyanchwa mwaka 1912, na zipo familia zilizolelewa kuliona obokano kuwa jambo la pombe na ngoma za dunia. Kwao tumia sauti za kwaya, zinatosha sana. Na kwa Waadventista usipange kikao Jumamosi, Sabato yao.

Jambo moja hunikera. Shule zetu zimetufundisha muziki kwa njia ya mashindano ya tamasha: jukwaa, sare, majaji, alama. Mtaalamu mchanga huingia kwenye tiba akiwa na jaji kichwani, akaanza kumsahihisha mtoto aliyekosea pigo. Huyo jaji atolewe nje kabla ya mtoto kuingia.

Wazazi watauliza: atapona? Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 364 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 7, katika nchi 9, hakuna hata moja ya Afrika. Tiba ya muziki haikupunguza ukali wa dalili za usonji kuliko huduma ya kawaida iliyoambatana na ushauri kwa wazazi. Mweleze mzazi hivyo hivyo. Mwambie pia kwamba, kama mtoto anatumia dawa za kifafa, haziachwi kwa sababu ameanza kuimba. Unachoweza kumwahidi ni kikao kinachofanywa kwa uangalifu, na kwamba mtamtazama mtoto pamoja na kuandika mnachokiona.

Nani atamlipa mtaalamu huyu? Vituo vya EARC, vinavyopima watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, vinajua watoto wako wapi. Hospitali ya rufaa ya Kisii na ile ya Nyamira zinawapokea watoto hao hao. Ombi langu kwa serikali mbili za kaunti ni dogo: nafasi moja ya kazi kila kaunti, nauli ya kufika majumbani, na mwalimu mzoefu wa kumsimamia anayeanza. Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikifundisha taaluma hii kwa miaka mingi. Usimamizi wa mbali unaweza kuombwa huko mpaka tuwe na wetu. Na magokoro naye alipwe nauli siku anapokuja kliniki kutufundisha wimbo.