Mungu Akishatoa Haki, Tusifungue Kesi Upya



Ndugu wapendwa, katika Warumi sura ya 8, Mtume Paulo anatupeleka kortini. Huko maneno ni mawili tu: kuhesabiwa haki au kuhukumiwa. Mungu akishamhesabia mtu haki, hakuna wa kumfungulia kesi nyingine.

Lakini sisi je? Mwenzetu ametoka jela, ametubu, ameungama. Bado kwenye jumuiya tunamwita “yule mwizi”, na kikundi cha akiba hakitaki hata kuandika jina lake. Hapo tumejifanya korti ya rufani juu ya Mungu!

Wengine husema, “Hajastahili.” Kwani nani amestahili? Mwaka 1999, kule Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi pamoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema, si kwa mastahili yetu.

Hatusemi kosa halikuwa kosa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha kwamba kuhesabiwa haki si kusamehewa tu, ni kufanywa upya pia. Basi alichoiba akilipe pole pole, nasi tumpe kibarua apate cha kulipia. Wiki hii kila jumuiya imtembelee mmoja.