Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Hotuba ya walimu katika Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea, 5 Desemba



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa sisi walimu nafasi ya kusema katika siku hii, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa heshima ya watu wanaojitolea. Tumechagua kuzungumzia maisha ya vijana wa mataifa mbalimbali wanaokwenda kujitolea katika vijiji vidogo vya pwani ya Calabria, kusini mwa Italia. Tumechagua huko kwa sababu vijiji vile, kama kambi yetu, viliwapata wageni wao kwa njia ya maji. Wazazi wetu walipovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, wengi wetu tunaofundisha leo tulikuwa tumebebwa mgongoni.

Calabria iko kwenye ncha ya kile wanachokiita kiatu cha Italia. Kwa miaka mingi vijana wa huko waliondoka kutafuta kazi Milano, Ujerumani, Marekani, hata Australia. Nyumba za mawe zikabaki zimefungwa, shule zikakosa watoto. Desemba 1997 meli yenye Wakurdi zaidi ya 800 ilifika Badolato. Julai 1998 Wakurdi wengine wapatao 200 wakashuka pwani ya Riace. Wenyeji wachache, akiwamo mwalimu mwenzetu Domenico Lucano, waliona kwamba hapa kuna watu wasio na nyumba, na pale kuna nyumba zisizo na watu. Mwaka 1999 wakaunda chama, Città Futura, yaani Mji wa Baadaye. Nyumba zikakarabatiwa, karakana za kufuma na kufinyanga zikafunguliwa, punda wakabeba taka katika vichochoro ambamo gari halipiti. Lucano akawa meya kuanzia mwaka 2004. Fedha za serikali zilipochelewa, kijiji kilitoa hati ambazo wakimbizi walinunulia mahitaji, na wenye maduka wakazipokea wakingoja kulipwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Riace walilitenda neno hilo bila kulisikia.

Sasa, kijana wa kujitolea anaishije huko? Ulaya ilianzisha utaratibu wa kupeleka vijana kujitolea nchi nyingine mwaka 1996, na leo unaendelea kwa jina la Kikosi cha Mshikamano cha Ulaya, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 30. Hapati mshahara. Hupewa mahali pa kulala, chakula, nauli na fedha kidogo za mfukoni, kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Asubuhi husaidia kufundisha Kiitaliano, au hushika brashi na kupaka rangi nyumba kuukuu. Mchana maduka hufungwa na kijiji hupumzika. Watoto wakitoka shule huwasaidia masomo na kucheza nao. Msimu wa zeituni ukifika, hutandaza nyavu chini ya miti pamoja na wengine. Wakati wa baridi nyumba za mawe hutia baridi mifupani, na mabasi ni ya kuhesabu. Bibi kizee wa jirani humsemesha kwa lahaja ambayo haimo katika kitabu chake cha Kiitaliano. Kwa hiyo wiki za kwanza kazi yake kubwa ni kusikiliza. Yeye ndiye mgeni, na mkimbizi aliyekaa pale miaka kumi ndiye anayemwonyesha njia.

Watakatifu wanaoheshimiwa Riace kila Septemba ni Kosma na Damiani, waganga ambao kwa mapokeo ya Kanisa walitibu bila kudai malipo. Kujitolea si jambo geni pale. Lakini tumejifunza mambo matatu ambayo tungependa kuyaweka mbele yenu.

Kwanza ni siku ya kuondoka. Mtu wa kujitolea huja ili aondoke. Mtu mzima anaelewa, mtoto haelewi. Wanafunzi wetu wa darasa la tatu wameshajua kuuliza "Huyu anaondoka lini?" kabla hawajauliza jina lake. Tunawaomba ndugu zetu wanaokuja kutusaidia: semeni tarehe ya kuondoka siku ya kwanza, na msiahidi barua ambazo hamtaweza kuziandika.

Pili, kazi isishikwe na mkono mmoja. Mwaka 2018 serikali ya Italia ilikata fedha za mradi wa Riace na kuagiza wakimbizi wahamishwe. Meya akashtakiwa na karakana zikafungwa. Hukumu ya mwaka 2021 ilizidi kifungo cha miaka 13. Rufaa ya mwaka 2023 ikaishusha kuwa miezi 18 iliyoahirishwa, na mwaka 2024 wananchi wakamchagua tena. Hata hivyo familia kadhaa zilibaki zenyewe, kwa kuwa walikuwa wamejifunza kazi na lugha. Fedha hukatwa, ujuzi haukatwi. Kila mgeni anayefundisha hapa afundishe pamoja na mtu wa hapa, ili akiondoka darasa lisifungwe.

Tatu ni neno lenyewe "kujitolea". Kijana yule wa Calabria alichagua kwenda, na ana tiketi ya kurudi. Mwalimu mkimbizi naye huitwa wa kujitolea, akapewa motisha. Anafundisha darasa la watoto mia, anasahihisha madaftari kwa mwanga wa kibatari, na tiketi hana. Hatusemi hivi kwa kinyongo. Tunasema ili leo tunapowahesabu waliojitolea, mwalimu huyu naye ahesabiwe, pamoja na mkunga, mlinzi wa usiku na mama anayefagia kituo cha afya. Na siku motisha yao inapofikiriwa kupunguzwa, waitwe kwanza wasikilizwe, wasije wakasoma habari hiyo ubaoni.

Kwa wakazi wenzetu tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana akija, msimwone kama mfuko wa fedha. Mfundisheni lugha yetu, mpeni kazi ya kweli, mkaribisheni ugali. Akirudi kwao, awe na la kusema juu yetu zaidi ya kwamba tulikuwa na shida.