Siku Tulipogawana Shilingi

Nyumbani kwangu, ndani ya kopo la zamani la majani ya chai, nina senti kumi yenye tundu katikati. Wazee wataikumbuka. Zilikuwa zikitungwa kwenye kamba kama shanga, na mwenye nazo alinunua kitu Mwanza, Kisumu, Jinja au Unguja bila kumuuliza mtu bei ya kubadilisha fedha. Nikimwonyesha mtu senti hiyo, hasa mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Namanga au Mutukula, ananiambia: "Kumbe tulikuwa na shilingi moja! Nani alituharibia?" Leo nataka kumjibu.

Shilingi ile ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi iliundwa mwaka 1919, ikakaa London mpaka mwaka 1960 ilipohamia Nairobi. Zanzibar iliingia mwaka 1936, ikaachana na rupia. Wengi hudhani bodi hiyo ilikuwa benki kuu. Haikuwa. Ilikuwa dirisha la kubadilishia fedha, basi. Ukileta paundi moja ya Kiingereza unapewa shilingi ishirini. Ukirudisha shilingi ishirini unapewa paundi yako. Paundi zenyewe ziliwekwa Uingereza, nyingi zikiwa zimekopeshwa kwa serikali ya huko. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mkulima wa pamba wa Shinyanga alipokuwa na shilingi ishirini mfukoni, kulikuwa na paundi moja London inayomfanyia kazi mtu mwingine.

Mpango huo ulikuwa na uzuri wake, tusiufiche. Shilingi haikuyumba. Lakini bodi haikuwa na uwezo wa kuamua lolote. Mavuno yakiwa mazuri na bei ya katani ikiwa juu, fedha ziliongezeka nchini. Bei ikianguka, fedha zilipungua, na zilipungua wakati uleule watu walipozihitaji zaidi. Kuanzia mwaka 1955 bodi iliruhusiwa kununua kiasi fulani cha dhamana za serikali za hapa kwetu, yaani kuzikopesha. Kiasi chenyewe kilikuwa na kikomo.

Ukaja uhuru. Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Mwalimu Nyerere alikwisha kusema mwaka 1960 kwamba alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi zipate uhuru pamoja na kuwa shirikisho. Juni 1963 yeye, Mzee Kenyatta na Bwana Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho hilo. Mwaka huohuo mtaalamu wa Benki Kuu ya Ujerumani Magharibi, Bwana Erwin Blumenthal, aliiandikia Serikali ya Tanganyika taarifa juu ya mfumo wa fedha na mustakabali wake. Alishauri kuwe na benki kuu ya pamoja ya Afrika Mashariki, na chini yake kila nchi iwe na benki yake. (Huyu ndiye Blumenthal yuleyule aliyepelekwa baadaye katika Benki ya Zaire, akaeleza kwa maandishi jinsi Mobutu na watu wake walivyokuwa wakiila nchi. Hakuwa mtu wa kuogopa kuandika.)

Shirikisho halikuja. Na hapa ndipo penye jibu la rafiki yangu wa Namanga, kwa hiyo naomba tutulie kidogo.

Benki kuu si dirisha. Benki kuu inaikopesha serikali, na inaweza kukataa kuikopesha. Sasa chukua nchi tatu zenye serikali tatu, mabunge matatu na mipango mitatu ya maendeleo, uzipe benki kuu moja. Tanganyika inataka fedha za barabara na ushirika. Kenya, yenye viwanda vingi zaidi na matawi makubwa ya mabenki, inaogopa bei zisipande. Uganda ina lake. Nani atamwambia waziri wa fedha wa nchi nyingine: hapana, umekopa vya kutosha? Katika shirikisho lipo jibu, kwa sababu serikali ni moja. Bila shirikisho, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Tena wakati huo manung'uniko ya biashara yalikuwa mengi. Makubaliano ya Kampala ya mwaka 1964, yaliyokusudia kugawana viwanda kwa haki, hayakutekelezwa ipasavyo.

Basi Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na sarafu yake. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa Desemba mwaka huo, na tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu akaifungua benki. Ya Uganda ilifuata Agosti, ya Kenya Septemba. Gavana wetu wa kwanza alikuwa Bwana Edwin Mtei, kijana wa miaka 33. Zikatoka noti za shilingi tano, kumi, ishirini na mia, na sarafu ambazo watoto walizipenda kwa wanyama wake: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini, na Mwenge kwenye shilingi. Senti ya tundu ikaanza safari yake ya kwenda kwenye makopo ya chai.

Je, ilisaidia? Jaribio la kwanza lilikuja mapema. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya paundi yake. Chini ya ile bodi, shilingi yetu ingeshuka nayo usiku uleule, wala tusingeulizwa. Safari hii Tanzania na majirani zake walikataa kuifuata. Paundi iliyokuwa shilingi ishirini ikawa shilingi kumi na saba na senti kidogo. Miezi tisa kabla ya hapo, baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya biashara yalikuwa yametaifishwa na kuunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Hiyo ni habari ndefu ya siku nyingine.

Lakini mwenye haki ya kuamua anaweza pia kuamua vibaya. Mwaka 1966 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kumi na nne. Kufikia mwaka 1990 ilikuwa karibu shilingi mia mbili. Vita vya Kagera vilichangia, bei ya mafuta ilichangia, na Serikali kukopa kwenye benki yake yenyewe kulichangia pia. Gavana wa nchi moja ni vigumu kumwambia hapana Rais wa nchi hiyohiyo.

Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane. Itifaki ya umoja wa fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, na sarafu moja ilitarajiwa mwaka 2024. Mwaka huo umepita, tarehe imesogezwa mpaka 2031. Mimi sipingi. Ninachopinga ni ile hoja ya kwamba kama tuliweza zamani, kwa nini tushindwe sasa. Zamani hatukuweza sisi. Shilingi ile ilikuwa yetu sote kwa sababu haikuwa ya yeyote kati yetu. Aliyekuwa akisema hapana alikuwa London.

Juzi nilimweleza hayo kijana mmoja anayebadilisha fedha mpakani. Nikamuuliza: siku Hazina yetu ikitaka kukopa, na gavana aliyeketi Kigali au Nairobi akakataa, utakubali? Akahesabu kwanza noti zilizokuwa mkononi mwake, akazifunga mpira.

"Mzee, siku na wao wakikataliwa na mtu wetu wakanyamaza, nitakubali," akasema. "Lakini mimi kazi yangu itakuwa imekwisha, sivyo?"

Hilo la pili sikuwa nimelifikiria. Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.