Moto Haupigi Hodi: Mazungumzo Juu ya Banda la Vyombo Nyumbani



Mazungumzo haya yahusu chumba ambacho wageni hawaonyeshwi, yaani banda la kuwekea motokaa, pikipiki na vyombo vya kazi. Sebule hufagiwa kila asubuhi na viti hupangwa vizuri, lakini banda huachwa liwe mahali pa kutupia kila kitu kilichokosa mahali pake. Hata hivyo, katika maboma mengi ya Kitale na Bungoma, humo ndimo ilimo mali kubwa ya mwenye nyumba, na humo ndimo huanzia maafa yake.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, trekta na malori yalikuwa mali ya mashamba makubwa ya walowezi. Mkulima wa kawaida alikuwa na jembe, panga na shoka, na aliyejaliwa alikuwa na baiskeli. Vyote hivyo viliweza kuegemezwa ukutani bila hatari yoyote. Siku hizi mambo yamegeuka. Baiskeli za boda boda, zilizoanza mpakani Busia katika miaka ya 1960, zimefuatwa na pikipiki, hasa baada ya mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo. Mashine iliyokuwa ya tajiri sasa inalala katika boma la kijana wa kawaida, na petroli inalala pamoja nayo.

Mtu akisafiri kutoka Kitale, akapita Kiminini na Kamukuywa, akateremka Webuye mpaka Bungoma, atakuta stoo za namna moja karibu kila mahali. Upande mmoja yamo magunia ya mahindi ya mavuno yaliyopita. Upande wa pili imo mbolea ya msimu ujao, na juu yake pampu ya kunyunyizia dawa. Kati yake imesimama pikipiki, na nyuma ya mlango mna jerikani la petroli, chupa ya soda yenye mafuta ya taa, betri kuukuu na rundo la spana. Pengine jikoni ni ng'ambo ya ukuta tu.

Si kwamba wenye nyumba hizo ni watu wavivu au wasio na akili. Sababu yao ni nzito, nayo ni hofu ya mwizi. Mwenye pikipiki ambayo bado anailipia kwa mkopo hawezi kuiacha uani usiku kucha. Kwa hiyo huiingiza ndani, mara nyingine mpaka chumba wanamolala watoto, akatia komeo mlangoni na kulala akiwa ametulia. Lakini yafaa afikiri tena. Mwizi akija, atachukua pikipiki na kuiacha nyumba pamoja na watu wake. Moto ukija hautachagua, na komeo lile lililowekwa kumzuia mwizi ndilo litakalowachelewesha watoto kutoka.

Ni lazima tabia ya petroli ifahamike. Petroli hutoa mvuke wakati wote, hata katika usiku wa baridi wa Kitale, mji ulio kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mvuke huo hauonekani, nao ni mzito kuliko hewa. Huteremka, hutambaa sakafuni, na huweza kupita chini ya mlango mpaka ukafika penye jiko au taa. Hapo hushika moto, na moto hurudi mbio kwa njia ile ile mpaka kwenye jerikani. Ndiyo maana husikika watu wakisema kwamba petroli iliwaka yenyewe. Haikuwaka yenyewe, iliufuata moto ulikokuwa. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka huko Sachangwan, karibu na Molo, na watu wakakusanyika kuteka petroli iliyomwagika. Moto ulipotokea, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Petroli ya jerikani moja ni kidogo, lakini tabia yake ni ile ile.

Mafuta ya taa ni tofauti: hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Kwa sababu hiyo yaweza kutumika katika taa. Lakini yakichanganyika na petroli, hata kidogo, huiga tabia ya petroli, na taa au stovu huweza kulipuka usoni mwa anayeiwasha. Basi jerikani lililowahi kubeba petroli lisipelekwe kamwe dukani kununulia mafuta ya taa. Kila kimoja kiwe na chombo chake, chenye rangi yake na alama yake.

Baada ya kufahamu hayo, kazi ya kupanga banda haina ugumu. Yako mambo matano.

Jambo la kwanza ni kutenga. Vitu vya banda ni vya namna tatu: viwakavyo, vyenye sumu, na viliwavyo. Haifai namna hizi tatu kulala chumba kimoja. Petroli na pikipiki zikae katika kibanda kilicho mbali na jikoni na vyumba vya kulala. Kibanda hicho si lazima kiwe cha gharama: nguzo, mabati na mlango wa kufuli vyatosha. Kwa ajili ya mwizi, pete nene ya chuma ichimbiwe katika saruji ya sakafu, na pikipiki ifungwe hapo kwa mnyororo. Dawa za shambani zikae katika sanduku la kufuli, kila dawa katika chupa yake ya asili, isihamishiwe kamwe katika chupa ya soda; mtoto mwenye kiu hasomi, huamini umbo la chupa. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yawekwe juu ya mbao bila kugusa ukuta, mbali na petroli na dawa. Na mbolea ya CAN, ambayo wakulima wengi hutumia kukuzia mahindi, isikae karibu na mafuta yoyote, kwa maana huusaidia moto kuwaka.

Jambo la pili ni hewa. Kibanda cha pikipiki kiwe na matundu juu na chini ya ukuta. Yale ya chini ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo hutoa mvuke wa petroli. Injini ya motokaa, pikipiki au jenereta isiwashwe ikaachwa ikinguruma ndani ya mlango uliofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huhisi usingizi, naye haamki. Betri nayo inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka kwa cheche moja tu. Ichajiwe mahali peupe, na mtu asivute sigara karibu nayo.

Jambo la tatu ni kazi yenyewe. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Asiingie mtu chini ya gari linalosimama kwa jeki peke yake. Magurudumu yaliyo chini yazuiwe kwanza kwa vigingi, kisha gari liwekwe juu ya stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu. Tofali na mawe havifai, kwa sababu hupasuka ghafla. Oili ikimwagika ifunikwe mara moja kwa mchanga au vumbi la mbao, kisha ikusanywe. Vitambaa vyenye mafuta vitiwe katika debe lenye kifuniko, visirundikwe pembeni.

Jambo la nne ni mpango wa vyombo. Fundi anayetafuta spana kwa muda wa nusu saa amepoteza nusu saa ya mapato. Ubao mmoja upigiliwe ukutani, misumari itiwe, na kila chombo kitundikwe mahali pake: nyundo, koleo, bisibisi, msumeno. Kisha umbo la kila chombo lichorwe ubaoni kwa chaki au rangi. Jioni mwenye banda atazame ubao tu. Penye umbo lisilo na chombo, pana kitu kilichoazimwa au kilichopotea. Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu, na vitumikavyo kila siku vikae kati ya kiuno na macho. Misumari, nati na bolti vitengwe katika makopo, kila kopo na jina lake. Njia ya kutoka mlangoni ibaki wazi siku zote. Tena daftari ndogo itundikwe hapo, yaandikwe majina ya walioazima. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tano ni kujiandaa. Gari la zimamoto laweza kuchelewa kufika katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Kwa hiyo ndoo mbili za mchanga mkavu ziwekwe nje ya mlango, si ndani, na awezaye anunue chombo cha unga cha kuzimia moto. Maji yasimwagwe juu ya petroli inayowaka, kwa maana petroli huelea juu ya maji na kuueneza moto. Moto ukizidi, watu watoke kwanza, na mali iachwe. Na kama mtoto amekunywa mafuta ya taa, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni madhara huzidi. Apelekwe hospitali upesi, pamoja na chupa aliyoinywea.

Kazi yote hii yaweza kuanzwa na kumalizwa katika Jumamosi moja au mbili, na watoto wakubwa wakisaidia watajifunza. Ubao, makopo na mchanga haviombi fedha nyingi. Linaloombwa ni kwamba mwenye nyumba asimame mlangoni mwa banda lake jioni ya leo, atazame ndani, na ajiulize swali moja: kama moto ungeanza humu usiku huu, ungekuta nini karibu na nini? Jibu litamwonyesha kitu cha kwanza cha kuondoa.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini nyumba ikiteketea hata ukuta wa kujenga upya ni kazi ndogo, kwa kuwa yako mengine yasiyojengeka tena. Mwizi aogopwe, ndiyo. Lakini moto uogopwe zaidi, kwani moto haupigi hodi.